Rundo la Majani na Deni la Duka

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana Yesu anasimulia habari za mtini uliokaa miaka mitatu bila kuzaa. Mwenye shamba amechoka kungoja na anataka ukatwe. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, na katika mwaka huo anaahidi mambo mawili tu: kuupalilia na kuutilia samadi. Haombi fedha wala mti mwingine. Tumezoea kuhubiri mfano huu tukikazia uvumilivu wa Mungu na wito wa toba, na hivyo ndivyo ipasavyo. Lakini mkulima anayesikiliza akiwa kwenye benchi la nyuma husikia jambo jingine pia: tumaini la mti ule liliwekwa katika kitu ambacho watu hukikwepa wakikikuta njiani.

Makala hii ni habari za Mkristo mmoja aliyeufanya mfano huo kuwa kazi yake ya kila siku. Jina lake ni George Washington Carver. Wengi wetu tumewahi kusikia kwamba alikuwa mtaalamu wa karanga, na ni kweli. Lakini karanga zilimpa sifa baadaye. Kabla ya karanga kulikuwa na rundo la majani makavu, udongo wa kinamasi na samadi, na kabla ya rundo hilo kulikuwa na deni. Anayetaka kuielewa kazi ya Carver na aanze na deni.

Nchi iliyochoshwa na pamba

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikwisha mwaka 1865, na mwaka huohuo utumwa ukafutwa kisheria. Watu Weusi wapatao milioni nne wakawa huru. Lakini wengi wao walitoka utumwani mikono mitupu, bila ardhi, bila mnyama wa kulimia, bila jembe. Mabwana wa zamani walikuwa na ardhi lakini hawakuwa tena na watu wa kuilima bure. Ndipo likazuka patano la kulima kwa kugawana mavuno. Mkulima alipewa kipande cha shamba, akalima pamba, na msimu ulipokwisha akagawana na mwenye ardhi.

Lakini kati ya kupanda na kuvuna kuna miezi mingi, na watoto hula kila siku. Kwa hiyo mkulima alikwenda dukani akakopa unga, chumvi, nguo, mbegu na mbolea. Rehani yake ilikuwa pamba ambayo haijaota bado. Riba ilikuwa kubwa, daftari lilikuwa mikononi mwa mwenye duka, na wakopaji wengi hawakujua kusoma. Siku ya hesabu ilipofika, wengi walikuta kwamba pamba yao yote haitoshi. Deni likavuka nao mwaka, na mwaka uliofuata likavuka tena.

Mwenye duka na mwenye ardhi walitaka pamba, kwa sababu pamba huuzwa na mboga huliwa. Basi pamba ikapandwa mpaka karibu na mlango wa nyumba, na mahali pa bustani pakatoweka. Familia zilizoishi shambani zikawa zinanunua chakula. Wengi walikula unga wa mahindi, nyama ya nguruwe ya mafuta iliyotiwa chumvi, na molasi, siku nenda siku rudi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa pelagra, unaotokana na chakula duni, ulienea katika majimbo yale ya Kusini na kuwaua watu wengi.

Udongo nao uliugua. Pamba baada ya pamba, mwaka baada ya mwaka, bila kupumzishwa na bila kurudishiwa kitu. Mvua ikachimba makorongo mashambani. Mkulima akaambiwa kwamba dawa ni mbolea ya dukani, naye akaikopa. Hapo ndipo mtego ulipokamilika: udongo uliochoka ulileta deni, deni lililazimisha pamba, na pamba ikauchosha udongo zaidi.

Mtoto asiyejua siku yake ya kuzaliwa

Carver alizaliwa utumwani huko Missouri, yapata mwaka 1864. Hakuna aliyeandika tarehe. Alipokuwa mchanga, yeye na mama yake Mary waliibwa na wavamizi. Mtoto alirudishwa, lakini mama hakuonekana tena. Alilelewa na Moses Carver na mkewe Susan, ambao walikuwa wamemmiliki mama yake. Alikuwa mtoto dhaifu wa mwili, kwa hiyo hakupewa kazi nzito. Alibaki karibu na nyumba na bustani, akiangalia mimea, na majirani wakawa wanamletea mimea yao iliyougua aitibu.

Njia yake ya shule ilikuwa ndefu. Alihama mji hata mji, akifua nguo za watu na kupika ili ajilipie masomo. Mwaka 1890 aliingia Chuo cha Simpson huko Iowa, na mwaka uliofuata akahamia chuo cha kilimo cha Ames, akiwa mwanafunzi wa kwanza Mweusi hapo. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896. Eneo alilolijua kuliko yote lilikuwa kuvu, yaani viumbe wale wanaoota juu ya mkate uliochacha na magogo yanayooza. Tulishike jambo hilo. Mtu aliyekwenda kuwafundisha maskini kutengeneza mboji alikuwa bingwa wa viumbe wanaoozesha.

Mwaka 1896 Booker T. Washington, naye mzaliwa wa utumwani, alimwita Tuskegee huko Alabama. Washington alikuwa amekianzisha chuo hicho mwaka 1881 kwa ajili ya vijana Weusi. Carver angeweza kubaki Ames na kuwa na maisha mazuri, lakini aliitika. Alipofika hakukuta maabara. Kwa hiyo yeye na wanafunzi wake walikwenda majalalani wakaokota chupa, mitungi na mabati, wakaunda vyombo vya kupimia na kuchemshia. Shamba la majaribio alilopewa lilikuwa ardhi iliyochoka, kama zilivyokuwa ardhi za wakulima waliolizunguka.

Rundo

Mwaka 1905 Carver alitoa kijitabu chake cha namba 6, kilichofundisha jinsi ya kuurudishia nguvu udongo uliochoka. Vijitabu vyake aliviandika kwa lugha nyepesi, ili mkulima aliyesoma kidogo avielewe na asiyesoma asomewe. Alichosisitiza ni kwamba mkulima maskini aanze na kile ambacho hakimgharimu senti.

Alisema hivi: msitu unaangusha majani kila mwaka, na kinamasi kinakusanya udongo mweusi uliojaa mabaki ya mimea. Hivyo vyote havina bei. Mkulima ajenge zizi dogo la miti. Ndani yake aweke tabaka la majani na udongo wa kinamasi, kisha tabaka la samadi, kisha majani tena, mpaka lijae. Juu aezeke kwa chochote alicho nacho ili mvua isisombe nguvu ya mbolea. Kisha aliache lioze. Pamoja na hilo, apande kunde zipokezane na pamba, kwa sababu kunde huurudishia udongo kile ambacho pamba huuondolea.

Ndani ya rundo kuna kazi kubwa inayofanyika bila jembe. Bakteria na kuvu huyala majani makavu na samadi. Majani makavu huwapa nguvu, samadi na majani mabichi huwapa cha kujengea miili yao. Wanapofanya kazi wengi kwa pamoja, rundo hupata joto kali kiasi kwamba ukichomeka fimbo katikati na kuichomoa, utaiona ina moto mkononi. Joto hilo huua mbegu nyingi za magugu. Baadaye rundo hupoa, wadudu na minyoo huingia, na kinachobaki ni kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Kazi ya mwanadamu ni kukusanya, kupanga na kungoja, na yasiyo katika uwezo wake hufanywa na viumbe ambavyo Muumba aliviweka humo tangu mwanzo.

Tunakumbuka habari za mjane katika 2 Wafalme 4. Mumewe amekufa, mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hamwelekezi kwa mkopeshaji mwingine. Anamuuliza kuna nini nyumbani mwake, naye hana kitu ila chupa ya mafuta. Kazi ya Carver ilikuwa kuwauliza watu wenye deni swali kama hilo, na alipojibiwa kwamba hawana kitu, aliwaonyesha majani.

Alikuwa na jambo jingine la kusema, nalo lilihusu mlango wa nyumba. Aliwasihi wakulima waache kipande kidogo karibu na nyumba, wakipande mboga, ili familia ile mwaka mzima bila kwenda dukani. Mwaka 1916 alitoa kijitabu kizima kuhusu milo mitatu mizuri kwa siku katika nyumba ya mkulima. Na mwaka 1942, akiwa mzee na nchi iko vitani, alitoa kijitabu kuhusu mboga za porini zinazoliwa, zile ambazo watu wengi huzing'oa na kuzitupa wakidhani ni magugu. Msomaji anayejua mnavu, mgagani na mchicha wa porini ataelewa mara moja alichokuwa anakisema mzee huyo.

Gari la nyumbu

Carver alijua kwamba mwenye deni hana nauli ya kwenda chuoni. Mwaka 1906 alichora mfano wa gari la kuvutwa na nyumbu, wale wanyama wa kazi wanaozaliwa na punda na farasi. Mfadhili mmoja wa New York aitwaye Morris K. Jesup alisaidia kulipia gharama, na gari likaitwa kwa jina lake. Lilibeba majembe, mbegu na vyombo vya kuonyeshea, likaenda vijijini kufundisha shambani kwenyewe. Thomas Campbell, kijana aliyesoma Tuskegee, ndiye aliyeliendesha, na mwaka huohuo akawa bwana shamba wa kwanza Mweusi kuajiriwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani.

Ni haki tuseme pia mipaka ya kazi hii, kwa sababu historia ya watu wa imani haipambwi kwa kuficha. Wakulima wengi waliomsikiliza Carver hawakuwa na ardhi yao. Mtu anayeweza kufukuzwa baada ya mavuno ana sababu gani ya kuurutubisha udongo wa mwingine? Mboji ya mwaka huu inamnufaisha mpangaji wa mwaka kesho. Tena mwenye ardhi aliweza kumkataza kupanda kitu kingine isipokuwa pamba. Carver hakupigana na mfumo huo hadharani, na wapo waliomlaumu kwa ukimya wake. Rundo la majani halikuvunja dhuluma ya Kusini. Lakini nyumba iliyokuwa na bustani iliandikwa mistari michache zaidi kwenye daftari la duka, na watoto wake walikula mboga za majani. Kwa mtu aliyefungwa, hatua moja ya kamba iliyolegea si jambo dogo.

Swali la mwaka 1924

Carver aliamka kabla ya mapambazuko, akatembea msituni, akaomba, akakusanya mimea. Kwa miaka mingi aliwafundisha Biblia wanafunzi wa Tuskegee siku za Jumapili, na ukumbi ulijaa ingawa hakuna aliyelazimishwa kuja.

Mnamo Novemba 1924 alizungumza katika kanisa moja huko New York. Alisema kwamba Mungu ndiye anayemfunulia mambo anapofanya kazi, na kwamba haingii na vitabu maabarani. Muda mfupi baadaye gazeti la New York Times lilimkosoa katika tahariri, likisema mwanasayansi wa kweli hazungumzi hivyo. Carver alihuzunika, akaandika majibu. Alieleza kwamba hakuwa na maana ya kudharau elimu. Alikuwa amesoma kwa miaka mingi, na aliwataja mabingwa ambao kazi zao alizisoma. Ufunuo, kwa jinsi alivyouelewa, haumwondolei mtu wajibu wa kujifunza. Humfungua macho aone kilicho mbele yake.

Jibu hilo linatuhusu. Tunao ndugu wanaodhani kwamba kumtegemea Mungu ni kukaa na kungoja muujiza, na wengine wanaodhani kwamba aliyesoma hana haja ya kuomba. Mtu huyu aliomba alfajiri na kupima udongo mchana, wala hakuona kwamba hizo ni kazi mbili.

Mbegu ilivyofika kwetu

Habari za Tuskegee zilifika Afrika kwa njia mbili zinazopingana. Ya kwanza ilikuwa pamba. Mwaka 1901 kikundi cha watu wa Tuskegee kilifika Togo, koloni la Wajerumani wakati huo, kufundisha kilimo cha pamba kwa faida ya viwanda vya Ujerumani. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, serikali hiyohiyo iliwalazimisha watu kulima mashamba ya pamba kwa ujira mdogo au bila ujira. Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waliing'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mwaka ni uleule wa kijitabu cha Carver. Upande mmoja wa bahari mtu anaandika jinsi ya kupona majeraha ya pamba, upande wa pili watu wanaing'oa kwa mikono yao. Hawakujuana, lakini walilia kilio kimoja.

Njia ya pili ilikuwa elimu. Mwaka 1924 tume ya Mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilizuru Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kuchunguza shule, ambazo nyingi zilikuwa za misheni. Ndani yake alikuwamo Dk. James Aggrey, Mwafrika kutoka Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana. Tume ilisifu mtindo wa Tuskegee na kuhimiza shule zifundishe afya, kilimo na maisha ya nyumbani pamoja na kusoma. Mwaka 1925 ilifunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, chini ya James Dougall, mmisionari Mskoti. Walimu wa vijijini walikuja pamoja na wake zao, wakajifunza nyumba bora, choo, na bustani ya mboga, kisha wakarudi kuzisaidia shule za vijijini kwao.

Wazazi wengi hawakuifurahia habari hii, nao walikuwa na sababu. Waliona watoto wa Wazungu wakifundishwa vitabu na watoto wao wakipewa jembe. Walishuku kwamba elimu ya shamba ni mbinu ya kuwaweka chini. Nchini Kenya, shule huru zilizoanzishwa na Waafrika wenyewe zilidai elimu ya vitabu na lugha ya Kiingereza. Hatuwezi kuwalaumu. Jembe linalotolewa na mtu anayekunyima kalamu si zawadi.

Makovu ya historia hiyo tunayo mpaka leo. Katika shule nyingi tulizosoma, aliyechelewa au kupiga kelele darasani alipelekwa kulima. Shamba likawa mahali pa adhabu. Kijana akimaliza shule, jambo la kwanza analolikimbia ni jembe, na mzazi anayemwonya mwanawe humwambia kwamba asiposoma atalima. Tumefundishwa kuona aibu katika kazi ambayo Mwanzo sura ya 2 inaitaja kabla ya anguko, pale mwanadamu alipowekwa bustanini ailime na kuitunza.

Carver anatusaidia kutofautisha. Kazi ileile ya udongo ni utumwa ikiwa faida yake yote ni ya mwingine, na ni uhuru ikiwa inapunguza minyororo ya aliyeifanya. Mtoto wa mtumwa hakulidharau jembe, wala hakukubali kunyimwa kalamu. Alivishika vyote viwili.

Deni la sasa na majani ya sasa

Deni la duka halijafa. Limebadilisha jina. Katika mitaa yetu linaitwa kausha damu, mkopo wa haraka wenye riba ya kila wiki, na wanaoujua zaidi ni akina mama wa sharika zetu. Vijijini liko katika mbolea iliyokopwa kwa ahadi ya mavuno. Mjini liko katika kitabu cha muuza genge, ambamo fungu la mchicha la leo huandikwa lilipwe mwisho wa mwezi. Kila fungu ni dogo, lakini fungu la kila siku kwa mwaka mzima si dogo.

Na majani pia bado yapo. Viwanja vingi vya makanisa yetu hufagiliwa Jumamosi, majani yakakusanywa pembeni na kuchomwa moto. Tunaita usafi, na nia yetu ni njema. Lakini tunachokichoma ni kile ambacho Carver aliwatuma watu msituni wakakitafute.

Haihitaji nguvu nyingi. Chagua pembe yenye kivuli. Weka majani makavu sehemu mbili, na sehemu moja ya vitu vibichi: maganda ya ndizi na viazi, mabua mabichi, magugu yasiyo na mbegu, samadi ya kuku au ya ng'ombe kama ipo. Nyunyiza maji mpaka rundo liwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Urefu wa mita moja kwenda juu unatosha kulipa joto. Usitie plastiki, mafuta, nyama wala mimea iliyougua. Ligeuze kila baada ya wiki mbili ukiweza. Usipoweza litaoza vilevile, ila kwa kuchelewa. Katika joto letu miezi mitatu hivi inatosha.

Bustani nayo isiwe mzigo. Panda vile vinavyochumwa na kuchipua tena: matembele, sukuma wiki, mnavu, majani ya kunde. Kunde hizo ni za nyumbani kabisa. Asili yake ni Afrika, nazo zilifika Amerika pamoja na babu zake watu wa Carver. Tandaza nyasi au majani makavu kuzunguka mimea. Matandazo huzuia jua lisiukaushe udongo na huyanyima magugu mwanga, kwa hiyo umwagiliaji na palizi hupungua. Udongo uliofunikwa hivyo hauhitaji kulimwa upya kila msimu. Minyoo huufungua wenyewe.

Na mpangaji afanyeje, yule ambaye hata ua si wake? Swali hili lililomshinda Carver tunaweza kulijibu kidogo zaidi. Gunia moja lililojazwa udongo na mboji hubeba miche ya sukuma wiki juu na ubavuni, na siku mwenye nyumba akitaka chumba chake, gunia humwagwa katika ndoo na udongo ukahama na mwenyewe. Lakini sharika nazo zina ardhi. Usharika unaompa mjane kitanda kimoja cha mita chache nyuma ya kanisa, na ruhusa ya kuchukua majani yaliyofagiliwa, umempa kitu ambacho wakulima wengi wa Alabama hawakukipata: mahali ambapo mboji ya mwaka huu itamlisha yeye mwenyewe mwaka kesho.

Carver alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee karibu na Booker T. Washington. Akiba yake ya maisha alikuwa ameitoa kwa ajili ya utafiti utakaowafaa wakulima. Mtunza shamba wa Luka 13 alipewa mwaka mmoja, na mfano hausemi kama mtini ulizaa. Sisi tunao mwaka huu. Wazee wa usharika na waanze na jambo dogo: Jumamosi ijayo ufagio ufanye kazi yake, na kiberiti kikae mfukoni.